Mwaka 1974, Musoma, na Ufundi wa Kusaka Kosa

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, ilikutana Musoma, ikatoka na uamuzi ambao walimu wazee nchini bado wanautaja kwa jina la mji huo. Lengo la kumwingiza kila mtoto shule ya msingi, lililokuwa limepangwa kufikiwa 1989, lilivutwa karibu hadi 1977. Mwaka huohuo Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wanaoandika historia ya elimu husimulia uamuzi wa kwanza, wanaofuatilia teknolojia husimulia wa pili, na ni nadra kuyakuta mambo haya mawili katika ukurasa mmoja. Nayaweka pamoja hapa kwa sababu yanahusu swali linalowakabili leo vijana wa Mara, mkoa ulipo mji wa Musoma, wanaojifunza kuandika programu za kuchambua vinasaba: programu inapomgomea anayeanza, au inapompa jibu la uongo bila kumwonya, kinachokosekana ni nini hasa? Hoja yangu ni kwamba kinachokosekana ni mtu wa kukaa naye. Sampuli za Mara zimesafiri miaka mingi, mashine za kuzisoma zimeanza kusogea, data zimejaa. Ufundi wa kusaka kosa ndani ya msimbo wa kisayansi ndio uliobaki mbali, na ufundi huo hauletwi kwa zabuni. Hupokezanwa, mtu kwa mtu, juu ya kazi halisi.

Tuanze na marufuku, kwa kuwa imeelezwa vibaya mara nyingi. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Katika miaka iliyofuata hesabu za Serikali zilianza kuhamishiwa kwenye mashine, na mifumo yake ilitegemea mno wataalamu wa kigeni. Matokeo yalikuwa mabaya: hesabu zilivurugika, hasara ikaonekana, na walioachiwa mfumo hawakuwa na ujuzi wa kutosha wa kuufungua na kuonyesha kosa limekaa wapi. Wapo wanaosimulia kisa hiki wakisema viongozi waliyaogopa maendeleo. Sikubaliani nao. Marufuku ilikuwa dawa mbaya, maana iliwanyima vijana wa kizazi kizima nafasi ya kushika mashine hadi ilipolegezwa katika miaka ya 1980 na hatimaye kuondoka katika miaka ya 1990. Lakini ugonjwa uliotambuliwa ulikuwa wa kweli. Nchi ilikuwa imenunua chombo kabla ya kuwa na watu wa kukihoji. Kompyuta hufanya hesabu iliyoagizwa, hata kama siyo iliyokusudiwa, na pengo kati ya hizo mbili huzibwa na mtu mwenye subira anayesoma msimbo mstari kwa mstari huku akijua jibu linapaswa kufananaje. Wizara ilikuwa na mashine, na ilikuwa na wahasibu. Watu wa kusimama katikati ya hao wawili walikuwa wachache mno.

Azimio la Musoma lilikumbana na upungufu wa namna hiyohiyo, kwa ukubwa wa nchi nzima. Watoto wote waingie darasani ndani ya miaka mitatu, na walimu hawapo. Vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa kwa muda huo. Njia iliyochaguliwa ilikuwa kuwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, kuwapa madarasa ya kufundisha vijijini kwao, na kuwafundisha ualimu wakiwa kazini kwa masomo ya posta, vipindi vya redio, na waratibu na wakufunzi waliowatembelea, wakakaa nao darasani na kuwarekebisha. Kuanzia 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980 mpango huo ulitoa walimu wapatao 45,000, na uandikishaji wa shule ya msingi ukapita asilimia 90 mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980. Baadaye jina la mwalimu wa UPE, yaani wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, lilikuja kuwa la kubeza. Lawama zilikuwa na msingi wake, ila ukizisikiliza vizuri hazilaumu wazo la kumpa mwanagenzi kazi ya kweli. Zinalaumu uhaba wa vitabu, madarasa yaliyofurika, na mratibu aliyepewa shule nyingi kuliko miguu yake ilivyoweza kufika. Pale aliyeanza alipoachwa peke yake, makosa yake yalikomaa yakawa mazoea. Hilo ni jambo la kulishika, kwa sababu katika msimbo wa kisayansi hali ni hiyohiyo, na madhara yake ni magumu zaidi kuyaona.

Sasa tuje kwenye data zenyewe, maana mtu anaweza kudhani vinasaba ni habari za mbali na Mara. Ni kinyume chake. Mwaka 1985 watafiti wa Kiholanzi waliokuwa wakichunguza furu wa Ziwa Victoria, katika Ghuba ya Mwanza, walimpa samaki mmoja jina la Mwalimu Nyerere; leo katika sayansi anaitwa Pundamilia nyererei. Mwaka 2014 jenomu ya samaki huyo ilichapishwa katika jarida la Nature pamoja na za jamaa zake wanne, akiwemo sato wa Nile, katika kazi iliyoongozwa na Taasisi ya Broad huko Massachusetts. Samaki wa ziwa letu, mwenye jina la mtoto wa Butiama, akawa mfano unaotumiwa duniani kueleza jinsi spishi zinavyochipuka upesi. Na furu wenyewe ndio waliomalizwa kwa wingi na sangara katika miaka ya 1980, kiasi kwamba kwa baadhi yao maandishi ya vinasaba na chupa za makumbusho ni sehemu kubwa ya kumbukumbu iliyosalia. Kusoma maandishi hayo vizuri au vibaya ni suala la kujua nini kilichopotea mbele ya Musoma na Bunda.

Upande wa nchi kavu habari ni nzito zaidi. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kufa wakitetemeka na kuanguka kifafa. Takriban theluthi moja ya simba wa eneo hilo walikufa, yaani kama 1,000 kati ya 3,000. Chanzo kilikuwa virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 ulilinganisha vipande vya vinasaba vya virusi kutoka kwa simba, fisi na mbwa wa kufugwa, ukakuta vinafanana mno. Vijiji vinavyopakana na hifadhi, vikiwemo vya Bunda na Serengeti katika mkoa wa Mara, vikaingia katika mpango wa kuchanja mbwa. Uchambuzi mwingine uliochapishwa 2015, uliotumia rekodi za damu za miaka mingi na hesabu nzito za kompyuta, ulionyesha kuwa chanjo hiyo ilipunguza maambukizi kwa mbwa lakini haikuwakomboa simba, kwa kuwa virusi vilikuwa na njia nyingine za kuendelea miongoni mwa wanyama wa porini. Jibu la 1996 na jibu la 2015 yote mawili yana ukweli. Tofauti yake imetoka katika wingi wa data na katika msimbo uliozichambua.

Kichaa cha mbwa kinaonyesha jambo hili vizuri kuliko ugonjwa wowote. Mwaka 2007 mtafiti Tiziana Lembo na wenzake walionyesha, kwa kulinganisha vinasaba, kuwa aina moja tu ya virusi vya kichaa cha mbwa ndiyo iliyokuwa ikizunguka kwa mbwa na wanyama pori wa Serengeti. Maana yake ilikuwa wazi kwa mkulima wa Mugumu, mji wa wilaya ya Serengeti: mchanje mbwa, na mzizi umeushika. Kuanzia 2002 hadi 2016 watafiti walifuatilia wilayani Serengeti mbwa nani kamng'ata nani, katika jamii ya mbwa wapatao 50,000. Matokeo yaliyotoka katika jarida la Science mwaka 2022 yalionyesha kuwa ugonjwa haukuwahi kuvuka asilimia 0.15 ya mbwa kwa wakati mmoja, na hata hivyo uliendelea kuishi, kwa sababu mbwa wachache hukimbia mbali na kupeleka koo mbalimbali za virusi mahali papya. Kule Pemba, kazi iliyoongozwa na Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara na kuchapishwa 2023 ilionyesha kuwa ugonjwa ulikatika Mei 2014, ukakosekana kwa zaidi ya miaka miwili, kisha mlipuko uliofuata ukatokana na virusi kuingizwa mara mbili na binadamu. Angalia uzito wa hitimisho hilo. Kama virusi vya pili vingekuwa vilevile vya zamani vilivyojificha, lawama ingekwenda kwa wachanjaji. Kwa kuwa vilitoka nje ya kisiwa, jibu ni kulinda bandari na kuendelea kuchanja. Kinachotenganisha maamuzi hayo mawili ni herufi chache katika mstari wa herufi karibu 12,000 za jenomu ya virusi hivi, na programu inayozihesabu.

Hapo ndipo mwanagenzi anapoingia. Tuchukue mfano wa mtu aliyesomea tiba ya mifugo au biolojia, amepata mafunzo ya wiki mbili ya Python au R, lugha za kuandikia programu, na amekabidhiwa faili la jenomu za kichaa cha mbwa ili aseme ni zipi zinakaribiana. Anaandika msimbo mfupi: linganisha herufi ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili, hesabu zinazotofautiana. Programu inakimbia bila kulalamika. Lakini mahali ambapo mashine haikuweza kusoma vizuri, jenomu huandikwa N, maana yake haijulikani. Msimbo wake unaona N upande mmoja na A upande wa pili, unahesabu tofauti. Ikiwa sampuli moja ina N 300 kwa sababu iliharibika kwa joto njiani, na tofauti za kweli ni 4, programu itasema tofauti ni 304. Virusi hivi hubadilisha herufi chache tu kwa mwaka katika jenomu yote. Tofauti 304 zingetafsiriwa kuwa miongo mingi ya kutengana. Mbwa wawili wa kijiji kimoja, mmoja aliyemng'ata mwenzake, wanageuka kuwa wageni kutoka nchi tofauti. Hakuna ujumbe wowote wa kosa unaotokea kwenye skrini. Ni kama kupima dagaa kwa debe lililobonyea kitako: kila mauzo yana kasoro na hakuna anayesikia kelele.

Mifano ya namna hii ni mingi, na ninaitaja michache kwa makusudi kwa sababu ndiyo maisha ya kila siku ya kazi hii. Tarehe 03/04/2011 kwetu ni tarehe tatu Aprili. Programu iliyotengenezwa kwa desturi ya Marekani huisoma tarehe nne Machi, na tarehe 25/04 huitupa au huiacha tupu. Anayekadiria kasi ya mabadiliko ya virusi kwa kutumia tarehe za sampuli anapata saa iliyoharibika, na tena imeharibika kwa sampuli za siku 12 za mwanzo wa kila mwezi peke yake, jambo linalomfanya aone data zinaonekana sawa akizitazama juujuu. Jenomu ya kichaa cha mbwa ni uzi wa RNA unaosomwa kwa upande wa kinyume, na vipande vinavyotoka mashineni vinaweza kuelekea huku au kule. Asiyevigeuza kabla ya kuvilinganisha atakuta vipande vya virusi vilevile havifanani hata kidogo. Mafaili fulani huhesabu nafasi ya kwanza kuwa 1 na mengine kuwa 0, kwa hiyo jeni nzima husogea herufi moja, na kwa kuwa vinasaba husomwa tatu tatu, protini inayotabiriwa inakuwa takataka. Jedwali lililohifadhiwa katika Windows huja na alama isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari, na namba ya sampuli ambayo jicho linaiona ni ileile, kompyuta inaiona ni nyingine. Katika matoleo ya zamani ya R, safu ya namba iliyoingia na neno moja kwa bahati mbaya inaweza kugeuzwa kuwa makundi, na ukiirudisha kuwa namba bila uangalifu unapata namba za foleni za makundi hayo badala ya vipimo vyako. Hakuna hata moja kati ya haya linaloashiria uvivu au upungufu wa akili. Kila moja linajulikana na fundi mzoefu, naye hulitambua kwa dakika chache. Anayeanza akiwa peke yake anaweza kupoteza mwezi, au, vibaya zaidi, asiupoteze na achapishe.

Na wanaochapisha makosa ya aina hii si wanagenzi tu. Geoffrey Chang, mtaalamu wa umbo la protini katika taasisi ya utafiti ya Scripps huko Marekani, alitangaza umbo la protini iitwayo MsbA mwaka 2001 katika Science. Mwaka 2006, baada ya watafiti wa Uswisi kuchapisha umbo la protini ya jamaa yake ambalo halikupatana na lake, aligundua kuwa programu ya ndani ya maabara yake, iliyorithiwa kutoka maabara nyingine, ilikuwa imebadilisha nafasi za safu mbili za data na hivyo kugeuza alama. Maumbo yakawa yamepinduliwa. Makala 5 zikaondolewa, na miaka mitano ya kazi, pamoja na kazi za wengine waliojenga juu yake, ikabidi itazamwe upya. Uungwana wake wa kukiri upesi unastahili heshima. Lakini swali la historia linabaki: safu mbili zilikaa vibaya miaka yote hiyo kwa sababu kila aliyeipokea programu aliamini aliyetangulia ameikagua. Mfano wa pili unajulikana zaidi. Programu ya majedwali ya Excel ilikuwa ikigeuza majina ya jeni kama SEPT2 na MARCH1 kuwa tarehe; uchunguzi uliotoka 2016 ulikuta karibu makala moja kati ya tano zilizoambatanisha orodha za jeni katika mafaili hayo zina kasoro hiyo. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza utaratibu mpya, na jeni hizo zikabadilishiwa majina. Dunia nzima iliona afadhali kubadili jina la jeni kuliko kutumaini kwamba kila mchambuzi atakuwa na mtu wa kumwonya.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya haya ni programu bora na kozi nyingi. Programu bora zinahitajika, na kozi zimesaidia sana. Mtandao wa H3ABioNet, ulioanza 2012 ukiongozwa kutoka Cape Town na kuwa na Muhimbili miongoni mwa vituo vyake, uliendesha kuanzia 2016 kozi ya utangulizi ya uchambuzi wa vinasaba kwa wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika kwa wakati mmoja. Mihadhara ilitoka mbali kwa video. Kilichoifanya kozi hiyo iwe na nguvu, kwa maoni yangu, ni kwamba haikumwacha mwanafunzi na video peke yake: washiriki walikusanyika katika madarasa ya mahali walipo, na kila darasa lilikuwa na wasaidizi wa kufundisha waliokaa chumbani humo. Ni mpangilio uleule wa Azimio la Musoma, masomo kutoka mbali na mratibu aliye karibu. Sina ushahidi kwamba waliobuni kozi hiyo waliwahi kusikia habari za Musoma, na huenda hilo ndilo linaloipa hoja yangu nguvu zaidi, kwani watu wa nyakati mbili tofauti, wakikabiliwa na uhaba uleule, walifika mahali pamoja.

Kinachofanywa na huyo aliye karibu si siri, ingawa hakiandikwi katika bajeti. Hamnyang'anyi anayeanza kibodi. Anamwambia asome ujumbe wa kosa kutoka mstari wa mwisho, kwa kuwa mara nyingi ndiko sababu ilikotajwa. Anamwomba apunguze faili la jenomu 200 hadi jenomu mbili za herufi kumi, ambazo jibu lake linaweza kuhesabiwa kwa vidole, kisha waone kama programu inatoa jibu hilohilo. Programu ikisema 3 na vidole vikisema 1, tayari kosa limefungiwa chumbani. Anamfundisha kuchapisha thamani za katikati badala ya kukisia, kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kuhifadhi toleo la jana kabla ya kugusa la leo. Muhimu kuliko yote, anamuuliza swali la sayansi lililo nje ya msimbo: mbwa hawa wawili wa kijiji kimoja, unaamini kweli wametengana miaka hamsini? Swali hilo kompyuta haiulizi. Linaulizwa na mtu anayejua virusi, anayejua kijiji, na anayejua msimbo japo kwa kiasi, na mafunzo yote ya mwanagenzi yanaelekea kumfanya aweze kujiuliza mwenyewe. Tena mazungumzo hayo yanaweza kufanyika kwa Kiswahili chote, ingawa ujumbe wa kosa umeandikwa Kiingereza. Mtu akielewa kosa kwa lugha anayofikiria nayo, harudi kuliuliza wiki ijayo.

Kuna pingamizi jipya lenye nguvu: akili mnemba sasa inarekebisha msimbo kwa sekunde, mchana na usiku, bila malipo makubwa na bila kumfokea mtu. Nalikubali kwa sehemu kubwa. Kwa kosa la tahajia, mabano yasiyofungwa, au ujumbe wa ajabu kutoka kwenye programu, kijana wa Butiama leo ana msaada ambao mwenzake wa mwaka 2005 hakuwa nao, na hakuna sababu ya kumkataza. Lakini akili mnemba hujibu kile ilichoulizwa. Mwanagenzi ambaye hajui kwamba N si herufi ya kweli hataiuliza habari za N. Ataiuliza ifanye msimbo wake ukimbie haraka zaidi, nao utakimbia haraka kuelekea jibu lilelile la 304. Haijui kwamba sampuli ile ilikaa siku tatu bila barafu, wala kwamba afisa mifugo aliyejaza fomu huanza na siku kisha mwezi, mpaka kuwepo mtu wa kuiambia. Kadiri msimbo unavyokuwa rahisi kuupata, ndivyo anayeweza kuukagua anavyozidi kuhitajika. Baada ya 1965 Wizara ya Fedha ilikuwa na mifumo iliyotegemea wataalamu wa kigeni. Kuandikiwa msimbo na mashine kunaweza kuturudisha palepale, safari hii bila hata mtaalamu wa kigeni wa kumlaumu.

Pingamizi jingine linatoka kwa watu wema wenye haraka: kichaa cha mbwa kinajulikana dawa yake, ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, fedha ziende kwenye chanjo, na vinasaba vichambuliwe huko huko Ulaya wanakoweza. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni sahihi na sitaki kuipunguzia uzito. Mtoto aliyeng'atwa anahitaji sindano, hahitaji jenomu. Ila hatua za mwisho za kutokomeza ugonjwa ndizo zinazotaka kujua kama kisa kipya kimezaliwa ndani au kimeingia, na Pemba imeonyesha hivyo. Jibu hilo lina faida likija ndani ya wiki, wakati mbwa wa jirani bado wanaweza kuchanjwa. Teknolojia ya kulipata haraka ipo: kifaa cha MinION, kinachoenea kiganjani, kimekwisha kutumika kusoma jenomu za kichaa cha mbwa humu humu Tanzania, Kenya na Ufilipino, kwa kazi iliyochapishwa 2020. Kifaa kimefupisha safari ya sampuli. Kikishamaliza kusoma, kinamwaga mafaili ya data, na kama wa kuyachambua yuko Glasgow au Maryland basi safari imeanza upya kwa njia ya intaneti. Na kuna suala la haki pia, ambalo halihitaji kufunikwa: simba walikufa hapa, mbwa waliwang'ata watoto wa hapa, samaki walitoweka katika ziwa la hapa. Watu wa hapa wana haki ya kuweza kukagua hitimisho linalotolewa juu yao, na hitimisho lisilokaguliwa, kama la MsbA, linaweza kusimama miaka mitano likiwa limepinduka.

Ninajua pia ugumu wa kweli ulioko upande wa anayesaidia. Kukaa saa mbili na mtu ili mgundue mabano yaliyokosewa hakumpandishi mhadhiri cheo. Makala ndiyo inayompandisha. Mwenye ujuzi huo huchukuliwa haraka na kampuni za simu na benki, Dar es Salaam au Nairobi. Waratibu wa UPE walizidiwa kwa sababu nchi iliwahesabu kama nyongeza ya mpango wakati wao ndio waliokuwa mpango wenyewe, na taasisi za utafiti zinarudia hesabu hiyo kila zinapoandika ombi la fedha lenye mashine, vitendanishi, safari na semina, bila mshahara wa mtu wa kukaa na wanaoanza mwaka mzima.

Mara ina nafasi ya kulifanya jambo hili mapema. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere kimepangiwa makao yake Butiama, jirani na ziwa la furu na mwendo mfupi kutoka vijiji vya mbwa wa Serengeti na Bunda. Wanaopanga ajira za chuo hicho, na wanaopitisha bajeti za utafiti wa mifugo na uvuvi mkoani, waandike nafasi hiyo kwa jina lake na mshahara wake: mtu mwenye sayansi na msimbo, ambaye kazi yake ya kwanza ni kusaidia wengine kupata makosa yao, na ambaye atapandishwa cheo kwa kazi hiyo. Waiandike kabla ya kuagiza mashine ya kwanza.